Refa na Daftari la Tumbo

Mara ya kwanza Refa kuzungumza nami, nilikuwa nimefunga bao na yeye alikuwa amelikataa.

Ilikuwa kwenye uwanja wa shule moja karibu na Ndhiwa, mashindano ya shule za upili za wasichana. Nilikuwa kidato cha tatu, nimevaa njumu za kuazima zilizonibana vidole. Mpira wa kona ulikuja juu, nikaruka katikati ya mabeki wawili, ukaingia. Wenzangu walinirukia mgongoni. Kisha kipenga kikalia, na nilipogeuka nilimwona Refa amesimama palepale, mkono umenyooka kuelekea lango letu. Eti nimeunawa mpira. Uwanja mzima ulimzomea. Alinijia polepole, mtu mrefu mwembamba, soksi nyeupe zimevutwa hadi magotini, akainama kidogo ili wengine wasisikie.

"Ulishika?"

"Hapana, Refa."

"Mimi nimeona. Nimekuuliza kwa ajili yako, si kwa ajili yangu."

Akaenda zake, mchezo ukaendelea, tukafungwa moja bila. Nilimchukia mwaka mzima, chuki ya mtu anayejua vizuri kwamba mpira ulimgusa mkono.

Kuanzia Ndhiwa hadi Homa Bay, na upande wa pili hadi Migori, watu walimwita hivyo tu, Refa. Naamini wengi hawakujua kwamba ana jina lingine. Mke wake alikuwa Mama Refa. Siku za kazi alisimamia mashine ya kusaga posho sokoni Ndhiwa, na jioni ungemkuta nyusi zimekuwa nyeupe kwa unga, kama mtu aliyezeeka ghafla mchana huohuo. Soksi zake za mechi alizifua mwenyewe kwa sabuni ya mche na hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Alikuwa Msabato, na Jumamosi hakushika kipenga hata aitwe na nani. Kwa sababu hiyo alikosa fainali nyingi kuliko alizochezesha. Niliwahi kumwambia kwamba anajinyima. Akanijibu, "Sheria ukiifuata siku inapokufaa tu, hiyo si sheria. Hiyo ni rafiki yako."

Hakunywa soda ya timu yoyote. Mwalimu mkuu mmoja alimletea sahani ya kuku kabla ya mechi, mbele ya macho yetu; Refa akamshukuru kwa heshima, akaenda kuketi juu ya jiwe mbali na watu, akafungua karatasi yake, akala viazi vitamu alivyotoka navyo nyumbani.

Mtu huyohuyo alikuwa mwizi mashuhuri wa drafti. Kando ya mashine ya posho palikuwa na kibanda, na humo walicheza kwa vifuniko vya chupa. Ukigeuza macho kumwangalia mpita njia, ukirudi kifuniko chako kimoja kimehama. Ukimshika, alicheka mpaka akashika mbavu. "Drafti haina refa!" alisema. "Kila mtu ajilinde!" Nilipomjua vizuri nilidhani nitaelewa siku moja jinsi mambo hayo mawili yanavyokaa ndani ya mtu mmoja. Sijaelewa mpaka leo.

Kulikuwa na jambo la tatu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi nilipokuja kulijua. Kwa miaka mingi watu walisema Refa anakula hongo. Walisema kwa sababu wakati wa mapumziko alikuwa anatoweka. Timu zinakula machungwa, mashabiki wanapiga kelele, Refa haonekani. Wengine walimwona akizunguka nyuma ya madarasa, akitembea haraka, akitazama huku na huku. Basi wakasema huko ndiko anakopokea kitu kidogo. Alisikia maneno hayo na hakuyakanusha hata mara moja.

Ukweli ni kwamba alikuwa anatafuta choo.

"Afadhali waniite mwizi," aliniambia baadaye sana, mimi nikiwa muuguzi na yeye mgonjwa wangu. "Mwizi anaweza kuacha kuiba, watu wakasahau. Lakini ukijulikana kama mwanamume anayejichafua, umekwisha."

Alikuwa na ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana. Utumbo unachubuka ndani, unatoa damu na ute, na choo kinamwita mtu mara kumi, mara kumi na tano kwa siku, bila kungoja ruhusa. Huku kwetu si ugonjwa unaojulikana. Mtu akisema anatoka damu akienda haja kubwa, anapewa dawa ya amiba. Isipofaa, dawa ya taifodi. Refa alimeza zote, akarudia. Alikunywa mizizi iliyochemshwa kutoka kisiwa cha Rusinga, michungu hata mate yake yakawa machungu siku tatu. Mjomba wake mmoja akasema hii ni chira, laana inayompata aliyevunja mwiko, kwa sababu Refa alijenga jiko jipya kabla ya kaka yake mkubwa kujenga lake. Refa hakuamini mambo ya chira, lakini alikuwa amechoka. Alilibomoa jiko lile kwa mikono yake, tofali kwa tofali. Damu haikukoma. Mama Refa akapika nje, kwenye mvua na jua, msimu mzima.

Siku iliyomfichua nilikuwepo. Ilikuwa Jumapili, fainali mjini Homa Bay, watu wamejaa hadi juu ya ukuta. Nilikuwa nimehitimu uuguzi na nafanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa magonjwa ya tumbo palepale mjini. Nilikwenda kutazama mpira tu. Zilikuwa zimebaki kama dakika kumi na tano, timu ziko sare, Refa akapuliza kipenga. Hakuna aliyeanguka. Hakuna aliyeotea. Aliuchukua mpira, akauweka chini ya mguu, kisha akauinua tena na kumkabidhi nahodha mmoja kama anampa mtoto amshikie, akaanza kutembea kuelekea vyoo vya shule.

Hakufika. Kaptura yake nyeusi ilificha kiasi. Soksi nyeupe hazikuficha.

Kicheko kilianzia upande wa ukuta, kikazunguka uwanja, kisha kikafa chenyewe, maana watu waliona ile haikuwa harisho ya kawaida. Ilikuwa nyekundu. Mama mmoja jirani yangu akasema kwa Kijaluo, "Huyu mtu anakufa amesimama."

Nilidhani mechi imekwisha. Wachezaji nao walianza kuketi. Lakini baada ya muda, Refa alitokea tena kutoka upande wa bomba la maji. Alikuwa amejimwagia maji kuanzia kiunoni kushuka, kaptura inachuruzika, miguu mitupu ndani ya viatu. Hakuna soksi. Alitembea mpaka katikati ya uwanja, akatazama saa zake mbili, ya kulia na ya kushoto, akamnyooshea nahodha mkono arudishiwe mpira. Hakuna aliyecheka. Alipuliza kipenga, mchezo ukaendelea, na mwishoni akaongeza dakika zilezile alizokuwa amezipoteza, asizidishe wala asipunguze. Katika dakika hizo bao likapatikana. Timu iliyofungwa haikulalamika.

Nilimngojea kando ya lango. Nilimwambia mimi ni nani, na kwamba nafanya kazi mahali panapochunguza ugonjwa kama huo.

"Nakukumbuka," akasema. "Namba tisa. Ulishika mpira."

"Ndiyo, Refa. Nilishika."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekuwa amesubiri jibu hilo bila haraka.

Kituo chetu kilikuwa kimeanza utafiti wa dawa mpya ya tembe, kwa watu ambao vidonda vyao vilikuwa vikali, vinatoka damu wakati huo. Nusu ya kazi yangu ilikuwa kuwasomea watu fomu ya ridhaa. Wengi walitaka kutia sahihi kabla sijafika ukurasa wa pili. Refa aliichukua fomu mkononi mwangu kwa upole, akavaa miwani, akaisoma yote kwa sauti, kurasa zaidi ya ishirini, kidole kikifuata mstari. Mama Refa alikuwa amekaa benchi la nje. Hakupenda vyumba vya hospitali. Daktari wetu aliingia katikati ya usomaji, akataka kufupisha mambo, Refa akainua mkono uleule niliokuwa nikiujua, na Daktari akanyamaza.

Alipofika kwenye habari ya tembe tupu alisimama.

"Hapa mnasema wengine watapewa tembe isiyo na dawa."

"Ndiyo," Daktari akasema. "Zinafanana kabisa na zile zenye dawa. Ni lazima tulinganishe. La sivyo hatutajua kama ni dawa imesaidia au nafuu imekuja yenyewe."

"Na wewe utajua mimi nimepewa gani?"

"Sitajua."

"Sista je?"

"Hata mimi sitajua, Refa," nikasema. "Imepangwa na kompyuta, mbali na hapa. Itafunguliwa mwisho."

Nilifikiri atakataa, na nilikuwa tayari kumwambia kwamba ana haki ya kukataa. Badala yake uso wake ulilegea, karibu atabasamu.

"Hapo ni sawa," akasema. "Mtu akijua, moyo wake unaegemea upande."

Kisha akasoma sehemu ya mwisho, mara mbili. Utafiti ulikuwa wa wiki nane. Atakayemaliza wiki zote nane, na bado anaumwa, angeingia sehemu ya pili, ambako kila mtu anapewa dawa ya kweli, hakuna tembe tupu. Lakini yeyote atakayetumia dawa nyingine kali kwa sababu yoyote ile, hasa stiroidi zinazotuliza uvimbe haraka, angetolewa, na sehemu ya pili angeikosa. Refa akaweka kidole pale, akaniuliza kama ameelewa sawasawa. Nikamwambia ameelewa. Akatia sahihi.

Alikuwa na woga mmoja tu, sindano. Mtu aliyerudi uwanjani mbele ya umati ule alifunga macho kila nilipotafuta mshipa, akataja vitabu vya Biblia kwa mpangilio, Mwanzo, Kutoka, Mambo ya Walawi. Siku za kumtoa damu nyingi tulifika mpaka Zaburi. Lakini tulipompeleka Kisumu kwa kipimo cha kamera, alikataa kuigeuzia skrini kisogo. Alilala ubavu, akatazama ndani ya utumbo wake mwenyewe, mwekundu, umechubuka kama goti la mtoto aliyeanguka kwenye changarawe. Aliuliza, "Hiyo yote ni mimi?" Daktari wa huko akamwambia ndiyo. Refa akasema, "Pole," na sikujua alikuwa anamwambia nani.

Kwenye chumba chetu cha kungojea, wagonjwa walikuwa wakikaa mbalimbali, kila mmoja akitazama viatu vyake. Hakuna aliyetaka jirani ajue kilichomleta. Kulikuwa na mama mmoja muuza omena kutoka Muhuru Bay, aliyekuja amejifunga leso tatu, moja juu ya nyingine, kwa ajili ya njia ndefu. Wiki ya pili Refa aliketi karibu naye, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anauliza habari za mvua:

"Mimi natoka damu nyuma. Wewe?"

Yule mama alimtazama, akatazama mlango, kisha akaanza kucheka kicheko cha chinichini ambacho kilipanda mpaka machozi yakamtoka. "Mimi pia," akasema. "Mimi pia, baba, miaka minne. Sijamwambia hata dada yangu." Kuanzia siku hiyo nilikuwa nawasikia kutoka chumba changu wakilinganisha vyoo vya stejini, kwenye vituo vya matatu, kipi kina maji, kipi kina mlango, kipi mwenyewe hana maneno. Nilikuwa nimesoma miaka minne chuoni na hakuna aliyewahi kunifundisha kufanya jambo kama lile.

Kila mgonjwa alipewa daftari. Kila siku aandike amekwenda choo mara ngapi, na damu ilikuwaje: hakuna, kidogo, nyingi, au damu tupu. Huwa nayajua madaftari yaliyojazwa asubuhi ya kuja kliniki, yote kwa wino mmoja, tano, tano, tano, nne. Daftari la Refa lilikuwa kitu kingine. Aliandika saa na dakika. Saa kumi na dakika saba alfajiri, kidogo. Saa kumi na moja na dakika arobaini, nyingi. Kando, mahali pasipokuwa na swali, aliongeza: "Nilikimbia, nikawahi." Au: "Nilikimbia, sikuwahi." Ya Jumamosi aliijaza baada ya jua kuzama. Siku moja aliandika mara kumi na mbili, akaikata kwa mstari mmoja, akaandika kumi na tatu, na chini yake: "Moja nilikuwa nimeisahau kwa kupenda."

Nilimuuliza maana yake ni nini.

"Kuna kusahau, na kuna kusahau kwa sababu unataka," akasema. "Hiyo ilikuwa ya pili."

Wiki za kwanza hali haikubadilika. Wiki ya tano ilikuwa mbaya. Alikonda, macho yakaingia ndani, mashine ya posho akamwachia mtu mwingine. Nilimkumbusha kwamba anaweza kujitoa wakati wowote na Daktari atamtibu kwa dawa zilizopo. Alisema atamaliza wiki nane. Daktari alimpima, akaona bado hajafikia kiwango cha kumsimamisha kwa lazima, lakini alinipa amri nimpigie simu kila siku. Mama Refa ndiye aliyekuwa anashika simu. "Amelala," alikuwa akisema. Siku nyingine, "Ameenda tena chooni." Sauti yake ilikuwa inapungua siku hadi siku.

Kisha, wiki ya sita, alipokea simu Refa mwenyewe, sauti imepanda.

"Sista! Jana mara nne. Damu kidogo. Leo mara mbili tu mpaka sasa!"

Nilifurahi mpaka nikasimama. Nilijiambia, imemshika, dawa imemshika. Sikupaswa hata kuwaza hivyo, lakini niliwaza.

Kesho yake asubuhi alifika kituoni bila kuitwa, kwa pikipiki, Mama Refa nyuma yake. Yeye Mama alibaki langoni, uso ameuelekeza barabarani. Refa aliingia, akaketi, akaweka daftari mezani, akalifungua kwenye ukurasa wa siku tatu zile. Alikuwa ameandika "nafuu" mara tatu. Maneno yale aliyakata kwa mstari mmoja, na chini yake, kwa mwandiko uleule wa polepole, kulikuwa na haya:

"Nafuu hii si ya tembe za utafiti. Mke wangu alinitilia dawa nyingine kwenye uji siku tatu bila mimi kujua. Ni stiroidi kutoka kemisti. Alifanya kwa sababu aliogopa nitakufa."

Nilisoma mara mbili. Akanieleza. Jana jioni alikuwa ameketi anaandika "nafuu" huku anaimba, na Mama Refa akamtazama. Alikuwa amekusudia kunyamaza. Lakini alipoona furaha ile, na jinsi anavyoisifu tembe isiyohusika, alishindwa. Alipiga magoti palepale, akaungama yote.

"Ulimkasirikia?"

"Nimkasirikie kwa nini? Angekuwa mtu mbaya angeniacha niendelee kuimba."

Sasa nitasema la kwangu, maana haitakuwa haki kusema ya wengine peke yake. Daktari alikuwa Nairobi mpaka alasiri. Tulikuwa wawili tu chumbani. Zilibaki wiki mbili. Nilikuwa na madaftari mapya kabatini. Nilifunga mlango.

"Refa," nikasema, "hakuna mwingine aliyeona hili. Unaweza kunakili upya hizo siku tatu, bila haya maneno. Zimebaki wiki mbili tu. Ukimaliza unapata dawa ya kweli. Ukiniachia huu ukurasa, lazima nikutoe leo."

Hakukasirika. Alinitazama kwa uso uleule ulioinama karibu na wangu nilipokuwa msichana.

"Sista, kuna mtu mahali, labda hata bado hajaanza kuumwa. Siku moja atapewa hii dawa aambiwe inafanya kazi. Atauliza, mlijuaje? Watamwambia, iliandikwa." Akalisogeza daftari kwangu. "Mimi siwezi kumdanganya mtu ambaye hata hanijui. Huyo hana njia ya kujilinda."

Nilifungua mlango. Nilikuwa nimemtunza mtu huyu nikidhani mimi ndiye mwenye nguvu.

Kabla hajatoka nilimuuliza kama Mama Refa anajua kuhusu sehemu ya pili, ile anayoikosa.

"Anajua amechanganya dawa. Hiyo nyingine ilikuwa kwenye fomu," akasema, "na fomu nilisoma mimi."

Daktari aliporudi alisoma ukurasa ule, akavua miwani, akaushika mkono wa Refa kwa mikono yake yote miwili. Kisha akafanya kilichotakiwa: akamtoa kwenye utafiti na kuanza kumtibu kwa njia ya kawaida, stiroidi kwa kipimo na kupunguza polepole, halafu tembe nyingine za kila siku. Ulikuwa mwaka mgumu. Uso ulimvimba ukawa duara, watoto sokoni hawakumtambua. Mara mbili damu ilirudi akalazwa. Ulipita zaidi ya mwaka ndipo utumbo ulipotulia, na hata hapo alikuwa mtu aliyepungua, anayeketi kwanza kabla ya kusema.

Katika muda huo wote Mama Refa alijihukumu. Alinikuta siku moja mlangoni mwa wodi, nikitoka na shuka chafu, akanishika mkono. "Ile dawa yenu ilikuwa imeanza kumshika," akasema. "Mimi ndiye nilikuja nikaiharibu na kitu changu cha kemisti. Mimi ndiye nimemlaza hapa." Nilimwambia hatujui alikuwa anameza ipi. Hakunisikia. Neno "hatujui" halimsaidii mtu anayejilaumu.

Utafiti ulipokwisha na siri kufunguliwa, ilionekana dawa iliwasaidia watu wengi zaidi kuliko tembe tupu, ingawa si wote. Tulipata ruhusa ya kumwambia kila aliyeshiriki alikuwa amepewa nini. Nilimpigia Refa, akasema atakuja, na kwamba safari hii Mama lazima aingie ndani. Waliketi bega kwa bega mbele ya meza yangu. Nilikuwa na karatasi moja yenye mstari mmoja.

"Ilikuwa tembe tupu," nikasema.

Mama Refa ndiye aliyesema kwanza. "Tupu vipi? Hakuna kitu ndani?"

"Hakuna dawa ndani, Mama."

Akasimama. "Mume wangu alitoka damu wiki sita mbele ya macho yenu, na nyinyi mnampa chokaa?"

Nimetafuta majibu tangu siku ile, na yale ninayoyapata ni ya kweli, lakini hakuna hata moja ambalo ningeweza kulisema mbele ya uso ule.

"Niliambiwa, Mama," Refa akasema. "Nilisoma mwenyewe kwa sauti. Kaa." Akamshika kiwiko, akamketisha. Kisha akageuza kiti chake mpaka wakatazamana. "Sasa sikia. Hakukuwa na dawa ya kuharibu. Umesikia? Uji wako haukuharibu kitu. Haukunizuia kupata kitu chochote."

Mama Refa akajifunika uso kwa leso, mabega yakaanza kutikisika. Refa aliweka mkono mgongoni mwake. Juu ya kichwa chake akanitazama mimi. Kwamba hakukuwa na dawa ya kuharibu, hiyo ilikuwa kweli. Ya mwisho haikuwa, maana uji ule ulimkosesha sehemu ya pili, na mle chumbani tulikuwa wawili tu tuliojua.

Nilikuwa na kalamu mkononi, kwa sababu kila mazungumzo ya namna ile tunayaandika kwenye faili. Walipokuwa wanatoka alimtanguliza mkewe, akageuka mlangoni.

"Sista. Hiyo usiandike."

Sikuandika.

Mama Refa alifariki mwaka jana, kwa presha, ghafla, akirudi kutoka sokoni. Nilikwenda Ndhiwa kumzika. Daktari alikuja, na mama wa Muhuru Bay alikuja pia, mnene na mwenye afya, na beseni la omena kichwani kwa ajili ya wafiwa. Baada ya kaburi kufunikwa, watu wakiwa wanakula, Refa alinichukua tukasimama nyuma ya nyumba, mahali pasipo na watu. Alikuwa amevaa suti iliyomzidi.

"Kuna kitu nilikukataza kuandika," akasema.

"Nakumbuka, Refa."

"Sasa andika. Nilimwambia hakunizuia kitu. Alinizuia. Ningemaliza zile wiki mbili ningepata dawa ya kweli, na labda ule mwaka nisingeumwa vile. Hakujua, na amekufa bila kujua." Alisema bila kutetereka, kama anayemsomea mtu aandike. "Uandike kwamba nilimdanganya. Uandike na sababu."

"Sababu niandike gani?"

Alitazama upande wa kaburi jipya, udongo bado una unyevu.

"Usiku wa siku ile," akasema, "alilala mpaka jua likatoka. Nilikaa nikamwangalia. Sijawahi kuona mtu amelala vile."